Maji Kwenye Magunia

Walter alikuwa akitundika mapaja ya mbuzi kwenye ndoano za bucha yake, pale Soko la Burma, Ndinda alipoingia na twiga mgongoni. Alikuwa twiga wa mbao, mrefu kama mtoto wa darasa la tatu, amefungwa kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso wa mama huyo, jinsi wanawake wa Ukambani wanavyobeba kuni.

"Ehe, Mama Kiema!" Walter akasema. "Nyama ya leo ina shingo! Umeichinja wapi?"

"Nipimie kwanza. Utacheka baadaye."

"Hapa tunapima vitu vya kula, Mama. Hii nikimkatia mteja na kachumbari, ataacha meno yake mezani."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja wakacheka. Ndinda naye akatabasamu, maana mzaha wa Walter haukuwa na mwiba. Tangu msiba alikuwa akimfungia mifupa ya supu kila Jumamosi na kumwambia imebaki tu, ingawa Ndinda alimwona kwa macho yake akiikata upya.

Walter akamtundika twiga kwenye mizani, katikati ya ini na utumbo, akasoma. Ndinda akamshusha. Akatoa mfukoni magazeti ya zamani na maranda ya mbao, akamfunga yule twiga vizuri kama mtu anayefunga mtoto mchanga, kisha akamvika gunia. Akaomba maji. Walter akampa karai lile la kuoshea visu. Ndinda akayamwaga taratibu juu ya gunia mpaka likakataa kunywa zaidi, akangoja lichuruzike, kisha akasema, "Sasa nipimie tena."

"Kilo tatu zimeongezeka," Walter akasema. "Na kidogo."

"Na wakiwa wengi? Masanduku kumi na mawili, na kila sanduku lina twiga watano hivi."

Walter akachukua kalamu ya risasi sikioni, akaandika kwenye karatasi ya kufungia nyama. "Hiyo ni kama mimi, na mke wangu, na shemeji yangu yule mwembamba. Sisi watatu tuko ndani ya hayo masanduku, tumejificha." Akaanza kucheka. Halafu akaona uso wa Ndinda, na akakumbuka ni masanduku gani. Akazima redio. Hakusema pole, kwa kuwa pole alikwisha kuisema mara nyingi na ilikuwa imechakaa. Alimwomba jirani amwangalizie bucha, akambeba twiga yeye mwenyewe begani, akiwa na aproni yake ya damu, mpaka mlangoni kwa Ndinda kule Shauri Moyo.

Mkewe Kiema, Mirriam, ndiye aliyekuwa akiuza kazi ya wachongaji. Kiema, mwana wa Ndinda, na wenzake walichonga vinyago katika banda lao karibu na Gikomba, lakini maneno ya kuuza hawakuwa nayo. Mirriam alikuwa nayo. Alizaliwa Dandora, binti wa Mbuthia fundi wa kujenga, na aliweza kumwuzia Mzungu kifaru kisha akamwuzia na mkewe kifaru wa pili ili yule wa kwanza asikae mpweke. Mwaka ule alipata nafasi ya kwenda kwenye maonyesho ya biashara Dubai. Wachongaji wote walimpa vinyago, na masanduku yakapangiwa kwenda naye katika ndege moja, yeye juu na abiria, mizigo chini.

Masanduku yalipakiwa yakiwa makavu, yakapimwa kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege kule Embakasi, yakaandikwa uzito wake. Halafu ndege ikakataa kuondoka. Abiria waliambiwa warudi nyumbani, wangoje. Ghala lile lilikuwa la mabati na jua lilikuwa kali. Mirriam akaingiwa na wasiwasi, kwa sababu mbao iliyochongwa ingali mbichi ikikaa kwenye joto hupasuka, na mteja mmoja aliwahi kuwarudishia twiga waliofunguka kifuani kama vitabu. "Kiema," akamwambia mumewe, "usiniache niende kuaibika mbele ya Waarabu. Nenda ukawape maji."

Kila mchongaji wa Gikomba hufanya hivyo. Kazi ambayo haijakauka hulala ndani ya gunia lililoloweshwa, ikauke polepole bila kupasuka. Hakuna aliyewahi kuliona kuwa kosa. Kiema akaenda, mwenye ghala aliyemfahamu akamfungulia, naye akayamwagia maji magunia ndani ya masanduku yote, debe baada ya debe. Hakuna aliyeyapima tena.

Ndege iliruka asubuhi, siku ambayo anga haikuwa na hata wingu. Waliokuwa wakisubiri magari barabara ya Mombasa waliiona ikipanda, ikasita, ikainamisha bawa la kushoto kama mtu aliyeteguka mguu, kisha ikaenda chini kwenye mbuga. Hakutoka mtu.

Ndiyo maana Ndinda alikwenda kwa Walter. Kiema alikuwa ameacha kula. Alikaa kitandani akiangalia viganja vyake, na kitu pekee alichomwuliza mama yake kwa majuma yale ni, "Mwaitu, maji yale yalikuwa mazito kiasi gani?" Ndinda alijibu kwamba hajui. Alipoona mwanawe anakonda mpaka mishipa ya shingo inahesabika, akaona heri ajue.

"Ni kama watu watatu," akamwambia jioni ile, baada ya Walter kuondoka.

Kiema akasema, "Watu watatu walipanda bila tikiti, na mimi ndiye niliyewapandisha." Akaomba uji. Ulikuwa mwanzo wa chakula, na Ndinda aliukoroga asijue kama amemponya au amemmaliza.

*

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Nalianya, Mbukusu mrefu mwenye sauti ya chini, fundi wa injini katika kampuni ile ile yenye ndege iliyoanguka. Siku ya ajali alikuja mbio na ovaroli yake ya kazi, akamkuta Ndinda kwenye mfereji akichota maji, akamshika mikono yote miwili kabla ya kusema lolote. Yeye ndiye aliyetafuta pikapu ya kuwapeleka mochari. Yeye ndiye aliyemshika Kiema kiunoni walipoonyeshwa kipande cha leso ya Mirriam. Mkewe alifua nguo za matanga bila kuombwa. Ndinda alikuwa mtu wa kukumbuka mambo kama hayo. Angeweza kusahau nani alimtukana, lakini aliyempa kikombe cha chumvi mwaka wa njaa alimkumbuka kwa jina na kwa kabila.

Huko vilabuni kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengine walisema rubani alikuwa hajalala. Wengine walisema korongo wakubwa wa jaa la Dandora waliingia kwenye injini. Wengine walisema ni mapepo tu. Serikali ikaunda tume ya uchunguzi, na Kiema akasema atakwenda kuieleza habari ya maji.

Nalianya alikuja usiku wa kuamkia siku ya tume, akakaa kwenye kigoda, akageuza kikombe cha chai mkononi bila kunywa.

"Mama," akasema, "ndege haiangushwi na maji ya gunia."

"Inaangushwa na nini, mwanangu?"

"Injini ya kushoto ilikohoa wiki nzima. Ndiyo maana safari iliahirishwa. Tuliifungua, tukaona kuna kifaa kimekwisha. Tuliagiza kingine, hakikufika. Bwana mkubwa akasema abiria wanapiga kelele, fungeni. Tukafunga."

Kiema akainua kichwa. "Mlifunga?"

"Tulifunga. Mimi ndiye niliyekaza skurubu."

Ndinda akawatazama wanaume wale wawili, mmoja na maji yake, mwingine na skurubu zake. Akafikiri jambo ambalo hakulisema: kwamba pengine injini nzima ingeyabeba yale maji, na pengine injini mbovu ingebeba mizigo mikavu, na ndege ile ikashindwa tu kubeba vyote viwili.

"Utayasema hayo mbele ya tume?" akauliza.

"Siku atakayosema Kiema, nami nitasema. Hatutamwacha peke yake, Mama. Huyu ni ndugu yangu."

Na Ndinda aliamini, kwa sababu Nalianya hakuwahi kumdanganya.

*

Tume ilikaa katika ukumbi mkubwa mjini. Karani mmoja wa kike, alipomwona Ndinda amesimama, alimpa kiti chake mwenyewe. Kiema akaitwa. Alivaa koti la marehemu baba yake. Akaeleza yote kwa sauti inayosikika: kupima, kuahirishwa, jua, mbao mbichi, debe la maji. Wakili wa kampuni akainuka, mtu nadhifu, mpole, akamwuliza kama anayemhurumia.

"Bwana Kiema, mizigo ilikuwa imekwisha kupimwa?"

"Ndiyo."

"Ukaiongezea maji."

"Ndiyo."

"Ulimwambia rubani?"

Kiema akamtazama. "Mimi ningemwonea wapi rubani, bwana?"

Watu wakacheka. Wakili naye akacheka kidogo, akasema hana swali lingine. Ndinda aliona kalamu za waandishi wa magazeti zikikimbia.

Kisha akaitwa Nalianya. Mstari wa mbele walikaa mabwana wa kampuni, na mmoja wao, mwenye mvi, alikuwa akisafisha miwani yake kwa leso bila kuinua macho. Mwenyekiti akauliza kama injini zilikuwa na hitilafu yoyote. Nalianya akamtazama yule mwenye miwani. Akatazama mikono yake. Akasema, "Zilikaguliwa, bwana mwenyekiti. Zilikuwa sawa."

Alisema maneno hayo tu. Akapita karibu na kiti cha Ndinda akitoka, na koti lake likamgusa bega.

Kesho yake gazeti lilichora twiga ndani ya ndege, ameshika kopo la kumwagilia maua. Watu walilibandika kwenye vibanda. Kampuni za mizigo zikakataa vinyago vyote, vikavu na vibichi. Matheka, mwenyekiti wa wachongaji, alikuja na tezo ya Kiema ya kuchongea, ameitoa bandani imefungwa kwenye kitambaa, akaiweka mezani.

"Si mimi, Kiema. Ni wote. Mdomo wako umetufungia soko. Wenye watoto wanauliza, ni nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Hilo ndilo wanalouliza."

Ripoti ya tume ilisomwa redioni miezi baadaye, wakati wa mvua. Sababu moja haikuweza kuthibitishwa, msomaji akasema. Sababu zinazowezekana ni uzito wa mizigo iliyoloweshwa bila idhini, au korongo kutoka jaa la Dandora, au kosa la rubani, ambaye naye alikuwa amekufa na hakuweza kujitetea. Injini ilitajwa mara moja tu, kwamba ilikuwa imekaguliwa.

"Umeona?" Kiema akasema. "Sababu zote zimepatikana huku kwetu. Kinyago cha Gikomba, korongo wa Dandora. Upande wa pili wa mji hawakupata hata moja."

Alisema bila kupandisha sauti, na hilo lilimtisha Ndinda kuliko kama angepiga kelele.

Juma lile lile akaja Jacky, mdogo wake Mirriam. Alikataa kukaa. Mirriam alizikwa kwenye shamba la baba yake huko Kandara, kwa kuwa yeye na Kiema hawakuwa wamefunga ndoa kanisani na mzee aliomba, na Kiema hakuwa na nguvu ya kubishana. Sasa kaburi lingejengewa Jumamosi. "Baba amesema," Jacky akasema akitazama mlango, "Kiema asije. Si Jumamosi hii tu. Asikanyage pale kabisa. Amesema mtu hawezi kumwua binti yake kisha akaja kumwekea maua." Akalia hapo hapo mlangoni, Ndinda akamshika, naye akakubali kushikwa. Halafu akaondoka.

Kiema aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia. Hakutoka. Ndinda aliporudi ndani, alimkuta amelala akiangalia ukuta, na uji wa asubuhi uko pale pale, umefanya ngozi juu. Akajua kwamba mwanawe angeweza kukosa kazi, angeweza kuchekwa gazetini, akaishi. Lakini kaburi lile wakimfungia, hataamka kitandani pale.

*

Ndinda alikwenda kwa Nalianya bila kupiga hodi mara mbili.

"Sikuja kukugombeza," akamwambia. "Tume imekwisha. Nataka twende Dandora kwa Baba Mirriam. Umwambie yeye peke yake, kwa mdomo, yale uliyotuambia sisi. Basi."

Nalianya alikuwa akimnyoa mwanawe nywele kwa wembe. Akauweka chini. "Mama, ile siku, nilitaka kusema. Ulimi ulikauka."

"Najua. Vaa koti."

Akalivaa. Ndinda alilikumbuka hilo pia na kumwekea hesabuni: alivaa, akaja.

Mbuthia alikuwa mzee mfupi, mgumu, mikono yake imeliwa na saruji. Alikuwa ameketi sebuleni na mkewe, mifuko miwili ya saruji iko pembeni tayari kwa safari. Hakumpa Ndinda mkono, lakini alimsogezea kiti chenye mto. Wakati wote wa msiba alimwita dada. Siku ile hakumwita chochote.

"Huyu ni Nalianya," Ndinda akasema. "Ni fundi wa ndege zile. Ana neno lake, kisha tutaondoka."

Nalianya akainuka. "Naomba nifunge mlango kwanza, Mzee."

Akaufunga. Kisha akaanza. Alisema vizuri, bila kukwepa. Alieleza kukohoa kwa injini, kifaa kisichofika, amri ya kufunga, skurubu alizokaza kwa mkono wake. Jasho lilimtoka. Mama Mirriam alifunika uso kwa kanga. Nje wanawake wa ploti walikuwa wakifua, wakitaniana, na kicheko chao kikapenya dirishani.

"Ulijua kabla haijaruka?" Mbuthia akauliza mwishoni.

"Nilijua."

"Binti yangu alikuja kuketi hapo ulipo, siku zile za kungoja. Akanywa chai. Akasema, Baba, hawa watu wa ndege wanachelewesha lakini ni afadhali, wanatengeneza vizuri."

Nalianya akasogea hatua moja pembeni.

"Na mbele ya tume ulisema nini?"

"Nilisema ilikuwa sawa. Mzee, nina watoto wanne. Ningefukuzwa kabla ya jua kuzama."

"Mimi nilikuwa na wawili," Mbuthia akasema. Akainuka. Akaenda mlangoni, akaufungua wote, mpaka ukagonga ukuta. Mwanga wa mchana ukaingia, na harufu ya moshi wa jaa, na wanawake wakageuka kutazama, mikono ikiwa kwenye povu. "Haya. Sema tena."

"Mzee..."

"Maneno ni yale yale. Hawa ni majirani zangu. Walikuja kuhojiwa habari za korongo, kana kwamba wao ndio wanaowafuga. Wamesoma gazeti, wanajua mkwe wangu ni muuaji. Sema tena, kama ulivyosema sasa hivi. Sikuongezei neno."

Nalianya alisimama akiutazama mlango. Ndinda aliomba moyoni, kwa nguvu zake zote za uzee, aseme. Alimwombea si kwa ajili ya Kiema tu, bali kwa ajili yake mwenyewe, kijana yule aliyemshika mikono kwenye mfereji. Mwanamke mmoja nje akauliza, "Kuna nini, Baba Mirriam?" Akangoja jibu. Wote wakangoja.

Nalianya akachukua kofia yake mezani, akainama kidogo kwa heshima, akapita katikati ya karai na nguo zilizoanikwa, akatoka kwenye geti.

Mbuthia akarudi kukaa. Kwa muda mrefu alisugua saruji iliyokauka kwenye kucha.

"Mwanao alisema mlango ukiwa wazi," akasema.

"Alisema."

"Na hakuna aliyemlazimisha."

"Hakuna."

"Sikusema nimemsamehe. Maji aliyamwaga, na kila siku nitajua aliyamwaga." Akatazama mifuko ya saruji. "Lakini Jumamosi aje. Kuna mawe ya kubeba, na mimi mgongo wangu umekwisha. Asiniamkue, wala asinililie. Abebe mawe."

Mama Mirriam akajifunua uso, akamwekea Ndinda sukari kwenye chai, vijiko viwili, kama alivyomwekea siku ya posa. Ndinda akainywa yote, ingawa ilikuwa imepoa.

Alipotoka alimkuta Nalianya barabarani, amesimama kando ya mtaro. Alikuwa amemngoja. Njia ilikuwa na matope, na gari la taka lilikuwa limeyachimbua zaidi; akampokea kikapu, akamshika kiwiko, akamvusha penye maji, akitafuta mahali pakavu pa kukanyaga kwa ajili yake kabla ya kujitafutia yeye. Viatu vyake vikazama. Hakuna mtoto wa kuzaa ambaye angemvusha kwa upole zaidi ya ule.

Walipofika ng'ambo, alimrudishia kikapu na kubaki amesimama, kama anayengoja. Maisha yake yote Ndinda hakuwahi kupokea wema bila kuushukuru. Alifungua mdomo. Akamtazama kijana yule usoni, akajaribu tena, kisha akashika njia ya Shauri Moyo, akaenda kumwambia Kiema atafute viatu vya kazi.